Benchi la Wasiokunywa

Vidonge vyangu vya mwisho nilivimeza siku ya Jumanne, mbele ya Mzee Baluku wa zahanati ya Bwera, wakati kahawa ilikuwa imeanikwa mbele ya kila nyumba na barabara nzima ya kwenda mpakani ilinuka maganda. Nilitegemea kwamba siku hiyo ningesikia kitu ndani yangu. Sikusikia chochote. Baluku alipiga mstari wa mwisho kwenye kadi, akaniangalia, akasema, "Basi, Mwalimu. Hakuna ingine." Nikarudi darasani.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa wiki hii kwamba una kifua kikuu, ukapewa kadi na mlolongo wa maswali. Habari za vijidudu utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nilizisoma chuoni Kampala na hazikunisaidia hata siku moja. Ninachotaka kukueleza ni habari ya yale maswali, kwa sababu vidonge vilivyoletwa kuniponya vilikaribia kuniua, na chanzo kilikuwa jibu langu la neno moja.

Sina budi kuanza na laini za polisi Kasese, zile nyumba za safu za askari, ambako baba yangu alikuwa sajini. Sisi ni Wateso, watu wa upande wa pili wa nchi. Baba alihamishwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna watoto wawili wa nyumba yetu waliozaliwa mji mmoja. Kushoto kwetu walikaa Waacholi, kulia Walugbara, na chumvi tuliombana kwa Kiswahili. Mama alipika malwa, pombe ya ulezi. Jumamosi alasiri mtungi uliwekwa katikati, askari wakaketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama akapita na birika la maji ya moto akiongeza. Malwa hiyo ndiyo iliyonivalisha sare ya shule.

Lakini chini ya kitanda kulikuwa na chupa za enguli, ile kali ya ndizi, inayopikwa kwa kificho mpaka mvuke wake unatona kwenye chupa. Kuipika au kuiuza bila leseni lilikuwa kosa la kufungwa, na baba alikuwa miongoni mwa waliotumwa milimani kuwakamata wapishi wake. Majirani wote walijua chupa ziko wapi. Hakuna aliyesema, kwa sababu wote walikuwa wateja.

Kuna sheria moja ya laini ambayo haikuandikwa popote. Mtu anayeuliza maswali huku anaandika, anachukua stetimenti, maelezo ya kukushtaki. Haijalishi amevaa nini. Baba alitufundisha kujibu kabla hatujajua kusoma: jibu ulichoulizwa, usiongeze neno, usitaje jina la mtu asiyekuwepo, usiweke kidole cha wino mpaka usomewe. Karani wa sensa alipokuja nyumbani kwetu nilikuwa mdogo, naye aliondoka akiamini kwamba tuna watoto wawili. Tulikuwa sita.

Nilianza kukohoa mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Nilikuwa nimepangiwa shule ya Bwera, nikipanga chumba kimoja nyuma ya duka la mchuuzi wa chumvi, na kila Ijumaa nilipanda basi kurudi Kasese kwa wazazi, ambako nilipewa mrija wangu kati ya marafiki wa baba na kuulizwa maswali kuhusu siasa ambayo hawakutaka majibu yake. Nilijiona mtu mzima. Kufikia mwisho wa muhula wa pili suruali zangu zilishikwa na kamba, na wanafunzi wa mbele walihamia viti vya nyuma bila kuambiwa. Siku niliyotema damu kwenye kitambaa cha kufutia ubao, mwalimu mkuu aliniandikia barua ya kwenda hospitali, akaninyooshea kwa urefu wa mkono mzima ili nisimsogelee.

Hospitali yenyewe, huko Kasese, siitaji jina. Hakuna aliyenitendea ubaya pale, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ukitafuta wa kumlaumu unarudi kwako mwenyewe.

Chumba cha kungojea kilikuwa baraza ndefu yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Daktari wa vifua alikuwa Mganda mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya askari. Alikisema kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Alikuwa na jambo lake. Alitaka kujua kama pombe inawafungulia watu mlango wa magonjwa, kifua kikuu kikiwa cha kwanza, na kwa hiyo kila mgonjwa mpya aliulizwa maswali kutoka karatasi iliyopigwa chapa. Unakunywa? Unakunywa nini? Glasi ngapi kwa siku? Tangu lini? Unaipata wapi?

Aliyeuliza alikuwa muuguzi mmoja mnene, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nilimtazama akishuka benchi mtu kwa mtu. Kando yangu alikaa koplo mmoja wa jeshi, mtu wa Arua, ambaye ugonjwa ulikuwa umemwacha mabega tu. Yeye alijibu kama anatoa hotuba.

"Andika debe," alimwambia muuguzi.

"Debe ni glasi ngapi, afande?"

"Mimi najua? Mimi sijapima. Mimi nakunywa."

Baraza nzima ilicheka, na wale wasioweza kucheka walikohoa. Mimi nilikuwa tayari kubishana. Nilitaka kumuuliza muuguzi jinsi ya kuhesabu glasi kwenye mtungi wa watu kumi na mirija kumi, unaoongezwa maji kila baada ya dakika chache. Nilitaka kumwambia kwamba karatasi yao inauliza kiasi gani lakini haiulizi na nani, wala ndani ya chumba gani, na kwamba labda tatizo la kilabu cha pombe si pombe yenyewe, ni watu kumi wanaokoholeana usoni saa nne mfululizo. Nilikuwa na pingamizi nzuri. Lakini jicho langu lilikuwa limefika swali la mwisho, Unaipata wapi, na pale msomi aliondoka, akabaki mtoto wa laini.

"Unakunywa?" aliuliza.

"Sinywi."

Akapiga mstari mmoja mrefu kwenye maswali yaliyobaki, akanishukuru. Nadhani alishukuru kweli. Alikuwa na watu wengi. Kisha akaniomba nihamie benchi la pili ili karatasi zisichanganyike. Koplo alinisindikiza kwa macho. "Mtakatifu," alisema, "niombee."

Hivyo ndivyo nilivyokaa kwenye benchi la wasiokunywa. Nilikaa kati ya mchuuzi Mwislamu wa nguo, ambaye naamini alisema kweli, na mzee mmoja ambaye pumzi yake ingewasha taa. Saa moja baadaye muuguzi alirudi, akainama mbele ya benchi la kwanza, akaongea nao kwa muda mrefu kwa sauti ya chini. Nilidhani anawahubiria. Nilimwona koplo akitikisa kichwa kwa huzuni kama aliyeambiwa kwamba amefiwa. Sisi wa benchi la pili tulipewa vidonge na kuambiwa tusikose siku hata moja.

Nililazwa miezi miwili ya sindano. Kila asubuhi moja, mara kalio la kulia, mara la kushoto, mpaka nyama ikawa ngumu kama soli na mchomaji akawa anapapasa kutafuta mahali palipo laini. Masikio yangu yalianza kuvuma. Mvua za Agosti zilifika, nikazisikia kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili. Asubuhi zilizotakata, theluji ya mlima ilionekana kutoka dirisha la wodi, na wagonjwa waliotoka mbali waliitazama kwa mashaka. Sisi wa hapa hatuiangalii mpaka tuwe tumelala bila kazi.

Mama alikuja kila siku saa ya kutembelea. Baba alikuja mara moja, akiwa na sare, akasimama mlangoni. Niliambiwa na mama kwamba majirani walikuwa wameacha kuukaribia mtungi wetu, kisha wakarudi, kisha wakaja na mirija yao wenyewe kutoka nyumbani. Alinieleza hayo akiangalia ukuta.

Na alikuja na chupa. Ilikuwa chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, na lebo yake ya zamani bado imebandikwa. Ndani yake alichanganya asali, tangawizi na enguli. Kwao, alisema, kifua kilitibiwa hivyo tangu zamani. Kikombe kimoja cha kunywea chai asubuhi, kimoja kabla ya kulala.

Naomba unielewe. Mimi ni mtu ambaye chuoni alimuuliza kasisi maswali mpaka akaombwa atoke. Sikuamini dawa ya mama hata kidogo. Niliinywa kwa sababu ilinipa usingizi, kwa sababu alitembea na jua kuileta, na kwa sababu ilikuwa kitu pekee katika wodi ile ambacho hakikuwa na ladha ya chuma. Nilipotolewa na kurudi Bwera, aliendelea kunitumia chupa mpya kila wiki kwa dereva wa basi, imefungwa ndani ya gazeti, na dereva akaamini kwamba anabeba dawa. Hata mimi, nikiulizwa kama nakunywa, ningeapa kwamba nimeacha. Mtungi sikuugusa tena. Hiyo chupa sikuihesabu.

Zahanati ya Bwera ilikuwa chumba na nusu, na Mzee Baluku alikuwa mganga, mfagizi na karani wake. Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilisimama mbele yake, akaniwekea vidonge kiganjani, akaniangalia koo mpaka vishuke. Alikuwa Mkonzo mwenye jamaa pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha ng'ambo. Kwa wiki kadhaa nilipata nguvu. Nilifunga mkanda badala ya kamba. Kisha nikaanza kuchoka upya, uchovu mwingine, mzito, wenye kichefuchefu. Harufu ya dagaa sokoni ilinifanya nishike ukuta. Mkojo wangu ukawa rangi ya chai ya rangi. Nilijikuna mpaka mikono ikaota magamba. Nilijieleza kwamba ni joto.

Asubuhi moja ya Desemba, wiki ya kufunga shule, Baluku alikuwa ameshashika vidonge vyangu akavirudisha kwenye kopo. Akanipeleka mlangoni kwenye mwanga, akanivuta kope kwa kidole gumba.

"Mwalimu, macho yako iko namna gani? Iko rangi ya ndizi ya kuiva."

Nilimwambia sijalala vizuri.

"Mutu hawezi kulala vibaya mupaka akuwe jano," alisema. "Leo usimeze. Panda basi."

Basi la kwenda Kasese lilisimama mara mbili kungojea tembo wapite, na mara zote mbili nilitapika dirishani huku abiria wakiwaangalia tembo kwa heshima zaidi. Daktari alinibonyeza ubavuni chini ya mbavu, nikaruka. Alichukua damu. Akafungua karatasi yangu ya maswali, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele.

Alinieleza kwa utulivu. Ini langu lilikuwa limeumia. Kama ningekuwa mnywaji, angejua pa kuanzia kushuku: vidonge vile na pombe havikai pamoja ndani ya ini. Lakini mimi sinywi. Kwa hiyo mwili wangu wenyewe ulikuwa unavikataa vidonge, na asingethubutu kunipa tena. Ilibaki dawa nyingine, ya unga, vijiko vingi kwa siku, ambayo ilikuwa imekwisha. Aliiagiza Kampala. Ingekuja kwa treni. Lini, hakujua. Mpaka hapo nisimeze kitu.

"Na kifua?" niliuliza.

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alisema tungojee treni.

Tulingoja. Reli inakomea Kasese, kwa hiyo kila kitu kinachokuja kwetu kinakuja mpaka mwisho au hakiji. Krismasi ilipita. Nilikaa kwa wazazi, mgongo ukutani, nikisikiliza honi ya treni na kuhesabu vikohozi vyangu baina ya honi na honi. Umanjano haukupungua. Kikohozi kilirudi. Mama alipoona kikohozi kimerudi, aliongeza kikombe cha tatu.

Wiki ya pili ya Januari nilirudi hospitali kupimwa damu, na pale kwenye benchi la kwanza nilimkuta koplo. Sikumtambua. Alikuwa amenenepa, shati limebana, mashavu yanang'aa. Aliniita mwenyewe.

"Mtakatifu. Wewe nani amekupaka bizari?"

Nilimweleza habari za ini. Alinisikiliza, kisha akasema, kwa huruma ya kweli, kwamba dunia ni ya ajabu, maana yeye alikuwa amelia machozi kuacha pombe kwa ajili ya ini hilohilo.

"Nani alikuambia uache?"

"Huyu mama ya kalamu. Siku ile ya kwanza. Alisema dawa hii na pombe, mtu moja lazima akufe." Alinitazama. "Nyinyi hawakuambia?"

"Hapana."

"Ah, nyinyi hamnywi," alisema. "Angewaambia ya nini?"

Nimesoma vitabu vingi. Hakuna sentensi iliyowahi kunipiga kama hiyo. Nilikaa nikiangalia mabenchi yale mawili, hatua nne kati yake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa muuguzi alikuwa ameinama kusema nini.

Siku hiyo sikupima damu. Nilirudi nyumbani, nikawakuta wazazi wote wawili, nikawaeleza: kwamba nilidanganya, kwa nini nilidanganya, na kwamba dawa haiwezi kurudi mpaka daktari aujue ukweli. Kama angejua, angengoja umanjano uishe halafu aanze tena vidonge vilevile, ambavyo alikuwa navyo kabatini. Kama asingejua, ningeendelea kungojea treni. Nilisema naweza kufa ndani ya kungojea huko. Sikusema kwa hasira. Nadhani.

Baba alivua kofia, akaiweka mezani. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

"Umeshatoa stetimenti," alisema mwishowe. "Stetimenti haibadilishwi. Mtu akibadilisha, wanamuuliza kwa nini. Akisema kwa nini, wanakuja hapa."

Nilimwambia yule ni daktari, si polisi.

"Karatasi iko na swali ya unaipata wapi?"

"Ndiyo."

"Basi ni polisi," alisema.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba ananiua kwa ajili ya mistari mitatu ya usajini mkononi. Ni neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha, kwa sababu halikuwa kweli. Yeye alikuwa anamfikiria mama katika chumba cha mahabusu, na mimi nilikuwa nimemfikiria hivyohivyo siku ile kwenye benchi. Tulikuwa tumekosea kwa namna moja. Baba alichukua kofia yake akatoka.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi cha kupepetea ulezi. Sasa aliuliza, kwa Kiteso, kama ile chupa ya asali nayo ni pombe.

"Mama, ni enguli."

"Niliweka asali," alisema.

Alikaa pale mpaka uji ukaungua jikoni, na hakuinuka kuuondoa.

Asubuhi nilimkuta amevaa gauni la kanisani. Hakunieleza tunakwenda wapi, wala sikuuliza. Tulitembea polepole kwa sababu yangu, tukapita soko la pamba, tukapita stesheni, na kwenye baraza hakukaa benchi lolote. Alisimama mbele ya mlango wa daktari mpaka akafunguliwa.

Daktari alinionyesha kiti. Mama akakikalia yeye.

"Andika," alimwambia.

Daktari alianza kumuuliza hali yake. Mama akangoja amalize.

"Andika. Mimi ni bibi ya sajini. Kazi yangu, mimi nauza malwa, na nauza enguli. Enguli iko chini ya kitanda, upande ya ukuta. Huyu mtoto alikunywa enguli yangu, kikombe ya chai, asubuhi na jioni, na sasa tatu. Mimi nilimpa. Yeye alisema hanywi kwa sababu ya mimi." Akafikiri kama kuna lililobaki. "Niliweka asali."

Daktari alikuwa ameshika kalamu bila kuitumia.

"Hujaandika," mama alisema.

Akaandika. Aliitoa karatasi yangu kwenye faili, akakata Sinywi, akajaza maswali moja baada ya lingine kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika swali la mwisho alimtazama mama, akaandika neno moja fupi. Kisha akafunga faili, na mama akamwambia afungue. Alitaka asomewe. Daktari akamsomea, kwa Kiswahili chake kile cha sufuria ya moto, na pale alipofika Unaipata wapi, alisoma, "Nyumbani." Mama akaridhika.

"Wino iko wapi?"

Daktari alimweleza kwamba karatasi ile haihitaji sahihi. Mama alinyoosha kidole gumba juu ya meza na kukiacha hewani. Hapakuwa na wino wa muhuri. Baada ya muda daktari aliinuka, akachukua kwenye trei kichupa cha ile dawa ya zambarau inayopakwa vidonda, akakilowanisha kidole kwa pamba. Mama akakibonyeza chini ya karatasi kwa nguvu, akakizungusha kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama alivyowaona mahabusu wakifanya kwa miaka ishirini.

Dawa ile haitoki kwa sabuni. Jioni baba alirudi kazini, akaketi, akawekewa chakula, akakiona kidole. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wangu, ninangoja. Alikitazama mpaka ugali ukapoa.

"Walikusomea kwanza?" aliuliza.

Mama akasema walimsomea.

"Vizuri," alisema baba, akaanza kula. Kesho yake chupa hazikuwepo chini ya kitanda, na sijawahi kuuliza ni nani kati yao aliyezimwaga.

Umanjano uliisha polepole, kama mwezi na zaidi, kwanza mikononi, mwisho machoni. Mvua za Machi zilipoanza daktari alinirudishia vidonge, kimoja kwanza, wiki nzima ya kungoja, kisha cha pili. Ini lilivumilia. Dawa ya unga ilifika kwa treni baada ya hapo, akapewa mwingine. Nilirudi Bwera. Mzee Baluku alinivuta kope kila asubuhi hata bila sababu, na wanafunzi wakarudi viti vya mbele mmoja mmoja. Masikio bado yanavuma.

Kwa wiki nyingi nilingoja polisi waje nyumbani, polisi ambao wangekuwa majirani zetu. Hawakuja. Hatimaye nilimuuliza daktari ni nani wengine wanaosoma karatasi zile. Alishangaa. Alinionyesha lundo zima. Hazikuwa na majina. Pembeni juu palikuwa na namba tu; yangu ilikuwa thelathini na saba. Zilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi, ninayeuliza kila kitu, nilikuwa nimekaa mbele ya karatasi nikishughulika na glasi na mitungi, na sikuinama kuona kwamba haina nafasi ya jina.

Nilikasirika, na nilimwaga hasira pale pale. Nilimuuliza kwa nini maonyo yalitolewa kwa benchi moja. Nilimuuliza anajuaje kwamba pombe ndiyo iliyonifungulia mlango wa kifua, na si chumba kilichojaa watu, au vumbi la chaki, au bahati mbaya. Anajuaje hata kwamba ni enguli iliyoniharibu ini, na si vidonge peke yake, na kwamba halingepona lenyewe?

Hakujitetea. Alisema kwa mtu mmoja hawezi kujua kamwe. Ndiyo maana anauliza wengi. Kuhusu maonyo alisema nina haki, na akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi.

"Lakini wewe niambie," alisema. "Benchi la pili, wangapi walidanganya kama wewe? Mimi siwezi kujua. Wewe ulikaa nao."

Nilifikiria pumzi ya yule mzee.

Daktari huyo alihamishwa kabla mwaka haujaisha, na lundo lake likaenda naye. Sijui lilimwambia nini. Sijui kama karatasi yenye kidole cha zambarau iliingia katika hesabu au ilitupwa kwa kuwa imeharibika. Nimeacha kutaka kujua, au najaribu.

Mwezi uliofuata mazungumzo yetu yale nilikwenda Kasese kwa kliniki, na kwenye baraza mabenchi yalikuwa palepale, yamejaa. Muuguzi alikuwa ndani. Nilikwenda kwenye la pili, la wasiokunywa, watu saba wakiwa na kadi mpya mikononi, nikasimama mbele yao kama niko darasani. Niliwaambia kwamba vidonge walivyopewa havitaki pombe hata kidogo mpaka siku ya mwisho. Si ya chupa, si ya kienyeji, si ya dawa, si yenye asali. Niliwaambia kilichonipata. Walitazama ukuta, dari, viatu vyangu. Hakuna aliyetikisa kichwa. Niliona sura ile ninayoijua tangu utotoni, sura ya watu wanaongoja mwulizaji aondoke.

Nilipogeuka, mwanamume mmoja wa mwisho, aliyekaa na mke wake, alisafisha koo.

"Hata malwa?"

Mke wake alimkanyaga mguu. Nilimwonyesha mikono yangu miwili, haina kalamu, haina karatasi.

"Hata malwa," nilisema, na benchi zima likaguna.